Uendelevu Huanzia Daftarini

*Mada iliyotolewa na meneja mstaafu wa kiwanda mbele ya wenye viwanda, wenye hoteli, wafanyabiashara wadogo na wakaazi. Tunaichapisha kwa maneno yake mwenyewe, ikiwa imefupishwa kidogo.*

 

Nimeombwa nizungumzie namna viongozi wa biashara wanavyoweza kuingiza uendelevu katika mashirika yao. Neno lenyewe, uendelevu, nililisikia mara ya kwanza nikikaribia kustaafu. Zamani tulisema tu: tusichafue, tusimalize. Maana yake ni ile ile. Ni kufanya biashara leo kwa njia ambayo maji, udongo, hewa na watu unaowategemea watakuwepo kesho, ili na wewe kesho uwe na cha kuuza na wa kumuuzia.

Nilifanya kazi viwandani miaka 31. Nilianza nikiwa karani wa stoo, na hapo ndipo kisa changu kilipoanzia. Sitataja kiwanda. Daftari la stoo lilikuwa na safu nne: tarehe, bidhaa, kiasi, thamani. Mafuta ya mashine yaliyokwisha kutumika yalikuwa yakija stoo katika mapipa, nami niliyaandika hivi: tarehe fulani, mafuta machafu, mapipa mawili, thamani sufuri. Pembeni naandika "yameondolewa". Yalikuwa yanaondolewa kwenda wapi? Nyuma ya ukuta kulikuwa na shimo.

Siku moja mama mmoja jirani alikuja getini na dumu la maji. Askari alimzuia, akapaza sauti mpaka nikatoka. Akafungua kifuniko, akaniambia, "Mwanangu, hebu nusa." Nikanusa. Yalikuwa maji ya kisima chake, na yalinuka mapipa yangu mawili. Nilimwambia, "Mama, nitauliza." Nikaenda kwa mkubwa wangu. Hakuwa mtu mbaya, tena alikuwa mcha Mungu. Aliniuliza swali moja: "Kuna pesa zilizotengwa za kuyapeleka kwingine?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi."

Kile kisima kilifukiwa. Yule mama akawa ananunua maji ya mkokoteni, dumu kwa dumu, mpaka nilipohamishwa. Ile sufuri niliyokuwa nikiiandika haikuwa sufuri. Ilikuwa gharama ya kiwanda, lakini aliyekuwa akiilipa ni mama wa watu, kutoka kwenye mkoba wake.

Nimetanguliza kisa hiki kwa sababu watu wakisikia uendelevu hudhani ni jambo la roho nzuri. Mkubwa wangu alikuwa na roho nzuri. Alichokosa ni mstari katika bajeti na mtu wa kuusimamia.

Sasa twende Bamburi.

Wengi wenu mmewahi kupeleka watoto Haller Park kuwaona twiga na viboko. Mnamkumbuka Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa kaskazini kule pwani ya Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa pale na kushikamana na kobe mzee aliyeitwa Mzee. Dunia nzima ilizisoma habari zao. Ila nina hakika wapo humu wasiojua kwamba mahali pale palikuwa jangwa, na kwamba jangwa hilo lilitengenezwa na kiwanda.

Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951, na kiwanda kikaanza uzalishaji mwaka 1954. Saruji hutaka mawe ya chokaa, na pwani yetu imekaa juu ya matumbawe ya kale. Wakachimba. Kufikia miaka ya mwisho ya 1960 palikuwa na uwanja mkubwa wa mawe meupe, udongo wote umeondolewa, jua linachoma, na maji ya chini ya ardhi, yenye chumvi chumvi, yako karibu sana na sakafu ya shimo. Hata nyasi hazikuota.

Kampuni ilikuwa na mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller. Kazi yake ya awali ilikuwa kutunza bustani na kulima matunda na mboga kwa ajili ya wafanyakazi. Mwaka 1971 akapewa kazi ya kuyafufua yale machimbo. Naomba mzingatie neno "akapewa". Hakuna sheria ya mazingira ya Kenya iliyoisukuma kampuni wakati ule. Sheria yetu kuu ya mazingira ni ya mwaka 1999. Wakuu wa kampuni waliamua, wakamtaja mtu, wakamwachia eneo na wakampa muda.

Muda huo ndio ninaotaka tuutazame. Haller alipanda aina 26 za miti kwenye yale mawe. Zilizosalimika ni tatu tu: mvinje, mnazi, na mti wa damas wenye asili ya Somalia. Aina 23 zilikufa. Hebu fikiria angekuwa ni meneja wa leo, na kwenye mkutano wa mwisho wa robo mwaka anasimama mbele ya wakurugenzi kusema, mabwana, tulipanda aina 26, zimekufa 23. Wangapi kati yetu tungemwambia aendelee?

Yeye aliendelea. Mvinje mnaufahamu, boriti na fito za nyumba nyingi za pwani hutokana nao. Ni mti unaostahimili chumvi, na mizizi yake, ikishirikiana na vijidudu maalumu, huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mti. Ndiyo maana unaweza kuishi mahali pasipo na udongo. Lakini likazuka tatizo la pili. Majani yake membamba kama sindano yalidondoka, yakarundikana, na hayakuoza. Yana ukakasi unaowashinda vijidudu vya kuozesha. Msitu ukasimama, ila chini yake hakuna mboji, na pasipo mboji hakuna mti wa pili utakaoota.

Jibu lilikuwa jongoo. Yule jongoo wetu mwenye miguu myekundu, tunayempiga teke asubuhi uani. Haller aligundua kwamba anayala majani yale makavu ya mvinje. Wakakusanywa jongoo kwa mamia, wakaachiliwa ndani ya msitu. Walikula, na kinyesi chao kikawa ndio mwanzo wa udongo. Udongo ukaleta miti mingine, miti ikaleta ndege na wadudu. Wakafuga samaki kwenye mabwawa, na maji ya samaki yenye mbolea yakatumika kukuzia mimea. Mwaka 1984 wakafungulia umma njia ya kutembelea, na watu wakalipa kiingilio kuingia kwenye shimo la mawe! Mwaka 1987 Haller alitambuliwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira katika orodha yake ya Global 500.

Nisieleweke vibaya. Sikuja kukipigia debe kiwanda cha saruji. Kutengeneza saruji ni kuchoma mawe ya chokaa, na jiwe hilo likichomwa lenyewe hutoa hewa ya kaboni, mbali na moshi wa makaa yanayolichoma. Msitu wa Bamburi haufuti moshi wa bomba la kiwanda, na kiongozi wa biashara akikuonyesha miti yake, una haki ya kumuuliza habari za bomba lake. Hata hivyo, katika hili moja la machimbo, yule mtu alipewa kazi, pesa na miaka, na matokeo tunayatembelea na watoto wetu.

Hatuhitaji kutoka katika mji huu ili kupata mfano wa upande wa pili.

Owino Uhuru iko Mikindani. Mwaka 2007 palianza kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Ukisoma kwenye karatasi, hiyo ni biashara ya kupendeza: kitu kilichokwisha kutumika kinarudishwa kazini. Leo tungeiita biashara ya kijani. Lakini ilikuwa imebanana na nyumba za watu. Moshi uliingia madirishani, maji machafu yakapita mtaani, wafanyakazi walirudi nyumbani na vumbi la risasi kwenye nguo. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo unaokua, na kilichoharibika hakirudi.

Ndani ya kiwanda kile palikuwa na mfanyakazi, Phyllis Omido. Alipewa kazi ya kuandaa ripoti ya athari kwa mazingira. Alikaa na wataalamu, akarudi na jibu: mahali hapa ni hatari kwa wakaazi, kiwanda kifungwe na kihamishwe. Wakuu hawakulikubali pendekezo hilo, na yeye akahamishiwa kazi nyingine. Baadaye mtoto wake mwenyewe alipougua, vipimo vilionyesha risasi katika damu. Akaacha kazi, akaanza kuwatetea wakaazi, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lawama ziligawanywa kati ya kampuni na mashirika ya serikali yaliyopaswa kuisimamia. Na kwa kuwa haya yatachapishwa katika jarida la serikali ya kaunti, naona ni vyema nilitamke hilo la pili bila kulimung'unya. Kesi ilipanda Mahakama ya Rufaa, ikafika Mahakama ya Juu, na Desemba 2024 fidia ile ikarudishwa. Wapo waliokufa wakiisubiri.

Basi tazameni. Mji mmoja, wafanyakazi wawili. Mmoja alikwenda kwa wakubwa wake na habari mbaya kwamba aina 23 za miti zimekufa, wakamwambia endelea. Mwingine alikwenda na habari mbaya kwamba kiwanda kitaumiza watu, wakambadilishia meza. Ujuzi wote wawili walikuwa nao. Tofauti ilikuwa kwa aliyeketi upande wa pili wa meza.

Ukiniuliza kiongozi wa biashara aanzie wapi, nitakujibu aanzie kwenye swali lake la Jumatatu asubuhi. Kila bosi analo. Mimi nililelewa na mabosi wa swali moja: "Wiki jana tumetoa tani ngapi?" Kiwanda kizima kilijipanga kulijibu. Nilipokuwa meneja niliongeza swali la pili: "Wiki jana tumelipia maji kiasi gani, na yamekwenda wapi?" Jumatatu ya kwanza hakuna aliyejua. Ya pili wakaniletea bili. Ya tatu fundi wa mabomba akaja anacheka: valvu ya tangi la nyuma ilikuwa ikivuja usiku kucha, na maji yanaingia moja kwa moja kwenye mtaro. Hakuna aliyekuwa mzembe. Hakuna aliyekuwa ameulizwa, basi. Mtu hutunza kile anachojua ataulizwa.

La pili ni jina. Nimekaa kwenye kamati za mazingira mpaka chai ikanichosha. Kamati haina jina, na siku ya lawama haina sura. Mtaje mtu mmoja. Mpe fedha anazoweza kutumia bila kusubiri sahihi za watu watatu. Zaidi ya yote, mpe uwezo wa kusimamisha kazi akiona hatari, na kinga ya kutohamishwa meza kwa sababu ya kusema kweli. Kama mtu wako wa mazingira hajawahi kukukera hata siku moja, kuna mambo hakwambii.

La tatu ni kwa wanaonunua. Tenda ya kuzoa taka humwendea mwenye bei ya chini. Lori la bei rahisi mara nyingi ni rahisi kwa sababu halifiki kunakotakiwa. Linamwaga korongoni au ufuoni usiku. Mzoa taka anatakiwa awe na leseni ya NEMA, na kuwe na hati inayoonyesha taka zimetoka wapi na zimefikishwa wapi. Itake hiyo hati kabla ya kulipa. Afisa wa ununuzi anayeidai amefanya zaidi ya bango lolote la "Tunajali Mazingira" lililotundikwa mapokezi.

Kuhusu ripoti nitapita haraka. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo mwaka 2021 wa jinsi kampuni zilizoorodheshwa zinavyopaswa kueleza mambo ya mazingira, jamii na uongozi. Ni jambo jema. Ila nimeona ripoti nyingi zenye picha ya wakurugenzi wakipanda miche, viatu vya mvua vikiwa vipya vinang'aa. Huwa natafuta ukurasa unaosema nani atamwagilia mwaka ujao. Sijaupata mara nyingi.

Wenzangu wa biashara ndogo, naona mnanitazama kama kwamba haya ni ya wenye mabomba ya moshi. Kisa changu kilikuwa cha mapipa mawili. Fundi wa magari, mafuta machafu unamuuzia nani? Najua wengi huwauzia wanaopaka mbao kuzuia mchwa. Na masalio yanayomwagika pale chini ya gari kila siku, kisima cha karibu kiko wapi? Betri kuukuu unamuuzia nani, naye anazipeleka wapi? Baada ya Owino Uhuru hakuna mtu wa Mombasa anayeweza kusema hakujua.

Mama mwenye mgahawa, chukua daftari la shule, lile la bei ndogo. Kwa wiki moja andika mambo matatu tu: makaa au gesi uliyotumia, maji uliyonunua, na ndoo za chakula kilichotupwa. Usibadilishe chochote wiki hiyo. Wiki ya pili uone ni nini kinakuuma. Namjua mama mmoja aliyegundua kwamba anatupa ndoo nzima ya wali kila Ijumaa, kwa sababu alikuwa akipika kama siku nyingine na wateja wake wengi wakitoka msikitini hula nyumbani. Alipunguza sufuria moja. Hakuhudhuria semina yoyote. Na mabaki aliyobaki nayo akayaweka kando, mbali na plastiki, akamwachia jirani mfuga kuku. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inatutaka sote tutenganishe taka zinazooza na zisizooza. Yeye alikuwa ameshaanza bila kujua.

Wenye hoteli za ufuoni, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Nakumbuka kelele zilizopigwa kwamba biashara zitakufa. Sokoni watu walirudi kwenye vikapu. Nawaomba tu msingoje marufuku inayofuata ndipo muulize kinachotoka jikoni kwenu.

Na ninyi wakaazi ambao hamna kiwanda wala mgahawa, msidhani mmekuja kusikiliza ya watu wengine. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo hata kama hawezi kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Kiwanda kikitaka kujengwa karibu nanyi, tathmini ya athari kwa mazingira hutangazwa ili mtoe maoni. Nendeni. Yule mama wa dumu alifika getini peke yake, na karani aliyempokea hakuwa na uwezo wowote.

Nilipokuwa meneja nililitafuta lile daftari la zamani, nikitamani kusema nilikwenda kurekebisha ile sufuri. Lilikuwa limeshatupwa. Nilichofanya ni kuongeza safu ya tano kwenye daftari jipya: "Kimepelekwa wapi, na nani amekipokea." Makarani walilalamika kwamba inawaongezea kazi. Ni kweli, iliwaongezea.

Saa yangu inaniambia nimepita muda niliopewa. Yule mama wa kule nyuma mwenye leso ya njano ameinua mkono tangu nilipotaja visima, na naona amebeba chupa. Naomba tuanze na yeye.